Nani Anasema na Nani? Sarufi ya Ujumbe wa Afya, kwa Mfano wa Kondoa



Mada niliyopewa ni pana mno: Kiswahili na maendeleo ya jamii. Kwa kuwa upana wa mada huwa kichaka cha kujifichia wahadhiri wavivu, nimeamua kuifinya hadi ibaki sentensi moja yenye maneno manane, ambayo nadhani imechapwa mara nyingi kuliko sentensi yoyote ya riwaya zetu zote zikiwekwa pamoja. Sentensi yenyewe mnaifahamu: Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Imo kwenye pakiti. Nitaichambua pamoja na ndugu zake wa upande wa chakula, kama vile "kula mboga kwa wingi" na "zingatia ulaji unaofaa", na mahali nitakaposimama ninapoichambua ni Kondoa.

Kwa nini Kondoa? Wilaya hiyo ya kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, iliyo kama kilomita 160 kutoka Dodoma mjini katika barabara ya Babati, inajulikana duniani kwa michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sisi wanaisimu tunaijua kwa urithi mwingine. Katika eneo la Kondoa ya zamani, kabla Wilaya ya Chemba haijamegwa kutoka kwake mwaka 2012, pamoja na majirani zake, hukutana lugha za makundi yote manne ambayo Joseph Greenberg aliyagawanya mwaka 1963: Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, na Kisandawe, ambacho Greenberg alikiweka pamoja na lugha za Khoisan kwa sababu ya vidoko vyake, ingawa wengi leo hupendelea kukiacha kisimame peke yake. Kwa hiyo, kwa watu wazima wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili: lugha ya shule, ya mnada, ya msikiti na, zaidi ya yote, lugha ya mikutano ya serikali. Ujumbe wa afya unapofika Kondoa kwa Kiswahili, hufika ukiwa umevaa nguo hizo zote. Mtu anayetaka kujua iwapo sentensi imesimama kwa miguu yake mwenyewe au inabebwa na mazoea ya pwani, na aipeleke huko.

Tuanze na umbo la sentensi. Kiima chake ni "uvutaji", nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi "vuta" kwa kiambishi u- na kimalizio -aji. Nomino za namna hii zina manufaa makubwa katika maandishi ya kitaaluma, nami mwenyewe ninazitumia, lakini zina tabia moja: humfuta mtenda. Palipo na "uvutaji" hapana mvutaji. Hakuna anayevuta, hakuna anayevutiwa moshi usoni, hakuna wakati wala mahali. Kinachobaki ni jambo, na jambo hilo limeunganishwa kwa "ni" na nomino nyingine dhahania, "hatari". Mtu wa kwanza na wa pekee kuonekana katika sentensi yote anachungulia mwishoni kabisa, katika kivumishi "yako". Ni nafsi ya pili, umoja. Afya inayohatarishwa ni ya msomaji peke yake. Mkewe hayumo, mtoto aliyelala chumba hichohicho hayumo, wala mpangaji wa chumba cha pili.

Neno "hatari" nalo linahitaji kutazamwa. Katika Kiswahili cha vijana wa leo, mchezaji hodari ni "hatari", gari zuri ni "hatari", wimbo uliopendwa ni "hatari sana". Sisemi kwamba kijana wa Kondoa anaposoma pakiti anadhani sigara inasifiwa. Muktadha unamwongoza vya kutosha. Ninachosema ni kwamba neno limechakaa, na waliolichagua walilichagua kwa sababu lilikuwa la kwanza kutokea katika kamusi ya tafsiri. Maana sentensi hii, kwa kila dalili, ni sentensi ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Nchi nyingi zina onyo la namna hiyohiyo kwa lugha zao, na zote zinafanana kama sarafu.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu sarufi bali biashara, nalo lina uzito kuliko yote niliyosema hadi sasa. Katika vibanda vingi vya mitaani na vijijini, sigara huuzwa moja moja. Mnunuzi ananyoosha mkono na kutaja "fegi moja", anawasha kwa kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi dirishani, anaondoka. Pakiti inabaki rafuni. Onyo lote, kwa herufi zake zote kubwa, linasomwa na muuza duka. Tumetunga ujumbe ambao mlengwa wake hauoni, na ambao mwonaji wake wa kila siku ana sababu nzuri ya kifedha ya kutoujali.

Haya si mambo ya kuchekesha tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo wengi ambao hawakuwahi kuishika sigara mkononi. Utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi hutumia tumbaku, yaani watu wapatao milioni 2.6: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Nchi ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Sheria hiyo ya 2003 iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi. Ilibidi tungoje hadi 2021 ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Inapendeza kukumbuka kuwa mwaka uleule wa 2003 TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba. Istilahi za kusemea zilikuwapo. Waliokuwa hawapo ni wataalamu wa lugha katika chumba ambamo ujumbe ulitungwa, na kwa hili ninawalaumu wanaisimu zaidi kuliko ninavyowalaumu madaktari. Daktari hakusomea ngeli.

Je, tumewahi kuwa na ujumbe bora zaidi? Naam. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na Redio Tanzania, iliendesha kampeni ya wiki 12 iliyoitwa Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 14. Miaka miwili baadaye, 1975, ikafuata Chakula ni Uhai, kampeni ya lishe. Utaratibu wa zote mbili ulikuwa mmoja: kikundi kinakusanyika, kinasikiliza redio, mmoja anasoma sura ya kitabu kwa sauti, kisha watu wanajadiliana na kukata shauri la kutenda jambo fulani kijijini mwao. Wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi.

Tazameni sarufi ya majina hayo. "Mtu ni afya." Ni sentensi ya nomino mbili na "ni" katikati, sawa kabisa na "uvutaji ni hatari". Lakini kiima ni "mtu". Na kimantiki sentensi hiyo haiwezekani, kwa sababu mtu si afya, kama ambavyo nyumba si choo. Kutowezekana huko ndiko kunakomfanya msikilizaji aikamilishe mwenyewe: mtu asiye na afya ni mtu wa namna gani? Methali zetu nyingi zina umbo hilo, na sikio la Kibantu linalitambua mara moja hata kama Kiswahili ni lugha yake ya pili. Haishangazi kwamba Wizara ilipotaka kuhimiza vyoo mwaka 2017 ilirudia kiunzi kilekile na kusema Nyumba ni Choo, wala kwamba mwaka 2024 jina lenyewe la Mtu ni Afya lilifufuliwa kwa kampeni ya usafi wa mazingira. Kati ya vipindi hivyo viwili palikuwa na majaribio mengine yenye akili. Wazazi Nipendeni, ya mwaka 2012, ilimpa sauti mtoto ambaye bado hajazaliwa: nafsi ya kwanza umoja ikiwa yambwa ndani ya kitenzi, na kiambishi -ni cha wingi mwishoni kikiwaita baba na mama pamoja. Neno moja, "nipendeni", limebeba familia nzima. Hakuna mfasiri angeweza kulipata neno hilo kwa kuanza na Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina mahali pa kuviweka viambishi hivyo.

Hata hivyo, nisije nikaonekana ninaililia miaka ya sabini. Kampeni zile zilikwenda sambamba na Operesheni Vijiji, na si kila aliyehudhuria kikundi alihudhuria kwa hiari. Kondoa inayo kumbukumbu yake pia. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika vilima vya Irangi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Ardhi ilipona, hilo halina ubishi, na wageni wengi walikwenda kulishuhudia. Lakini ng'ombe aliyehamishwa aliondoka na maziwa, na familia ambayo ng'ombe wake walikuwa kwa jamaa wa mbali ililazimika kuyatafuta sokoni. Ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumletea ng'ombe zizini, uliruhusiwa tangu 1989. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ya sarufi. Mtu ambaye amesikia hali ya kuamuru ikitoka kwenye gari la serikali mwaka 1979, "ondoeni mifugo", anaisikia hali hiyohiyo katika "acha", "punguza", "zingatia", "epuka". Mabango yetu ya afya yamejaa vitenzi hivyo. Kitenzi cha amri kisicho na mtu wa kukitamka kinasikika kama tangazo la mtendaji wa kata.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako mambo ni magumu zaidi, kwa sababu maneno yenyewe ni rahisi. Chukueni neno "mboga". Muuguzi anamwambia mgonjwa wa presha, "Mama, ule mboga kwa wingi." Mama anaitikia kwa moyo mmoja. Akirudi nyumbani anapika maharage kwa siku mbili, siku ya tatu dagaa, na siku ya mnada ananunua nyama, naye ana haki ya kusema ametii, kwa sababu katika Kiswahili cha bara "mboga" ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali. "Leo mboga gani?" "Nyama." Jibu hilo halina kosa lolote. Mpwani angesema kitoweo. Mtaalamu wa lishe, ambaye neno lake limetoka katika kitabu cha Kiingereza, ana maana ya tatu kichwani. Watu watatu, neno moja, na mgonjwa mmoja ambaye shinikizo lake la damu haliteremki.

Lugha yenyewe iliutambua utata huo kabla ya wataalamu, ikaanza kujitibu. Tumepata "mboga za majani", kirai ambacho kinaondoa nyama lakini kinaondoa pia bamia, nyanya chungu, karoti na boga, kwa kuwa hayo si majani. Tumepata pia "mbogamboga", kwa njia ya uradidi, ambalo lilianzia kwa wakulima na wafanyabiashara na sasa limeingia katika hati za serikali. Ninalipenda neno hili. Uradidi katika Kiswahili aghalabu hupunguza au hutawanya maana, kama katika "majimaji" au "rangirangi". Hapa umetumika kutenga aina. Lakini nendeni jikoni vijijini mkaulize kama mlenda ni mbogamboga. Mtaambiwa mlenda ni mlenda. Mbogamboga ni zile za mjini, za kununua, zilizopangwa juu ya meza.

Hapo ndipo penye madhara. Mlenda, majani ya kunde, mgagani, mchicha wa porini, ubuyu, ukwaju, ugali wa uwele na wa mtama: hivi ndivyo vyakula vya uwanda wa kati, na mtaalamu wa lishe akiviona atavisifu karibu vyote. Mwenye navyo havisifu. Kwake ni chakula cha njaa na cha umaskini, na moja ya sababu ni istilahi yetu wenyewe, "chakula bora". "Bora" ni neno la kulinganisha. Kikitajwa kilicho bora, kile kilichomo chunguni kimeshushwa. Msikilizaji anaelewa kwamba bora ni kile asichokuwa nacho: wali, mkate wa mayai, soda ya mgeni, chipsi. "Mlo kamili", istilahi iliyofuata, ina busara zaidi, kwa sababu ukamilifu unaruhusu kuanzia na kilichopo na kuongeza kinachopungua. Ningependa tuishikilie hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliripoti kwamba asilimia 97.2 ya waliohojiwa walikula chini ya vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 kwa siku, na vipimo vitano ndiyo njia ya kuzihesabu. Sina sababu ya kuutilia shaka mwelekeo wa tarakimu hiyo. Lakini kama mwanaisimu nalazimika kuuliza: kipimo ni nini kwa watu wanaokula pamoja katika sinia moja, na bakuli la mboga liko katikati? Mtu hupakuliwa ugali, mboga huchovewa. Kitenzi "chovya" hakihesabiki. Na matunda je? Furu na ubuyu anaovila mtoto akichunga mbuzi havitajwi na mama anapoulizwa jioni amekula nini, kwa sababu neno "kula" katika lugha zetu nyingi huelekezwa kwenye ugali. Aliyeshiba embe tatu anaweza kukuapia kuwa hajala kitu tangu asubuhi, wala hasemi uongo.

Na neno "ulaji" tuliache? Nitapita haraka. Kila mwanafunzi aliyemo humu ndani anajua kwamba katika siasa zetu "ulaji" ni jambo jingine kabisa, na kwamba mtu akiteuliwa kwenye nafasi nono watu husema amepata ulaji. Bango linalosema "Zingatia ulaji unaofaa" linasomwa kwa tabasamu katika kila ofisi ya umma. Wahusika wangeweza kusema "kula inavyofaa" na wakaepuka kicheko, lakini nomino dhahania inaonekana ya kisomi zaidi, na usomi huo umetugharimu.

Majina ya magonjwa yanastahili mhadhara wake. Niguse mawili. "Magonjwa yasiyoambukiza" ni jina linaloyaeleza magonjwa kwa jambo ambalo hayafanyi. Baada ya miaka mingi ya kuwafundisha watu kuogopa maambukizi, tunawaletea kundi la magonjwa na kuanza kwa kuwahakikishia kuwa hayaambukizi. Ahueni inayosikika katika jina hilo haikukusudiwa. La pili ni "kisukari". Limeundwa kwa ustadi, kwa kiambishi ki- ambacho Kiswahili hukitumia mara kwa mara katika majina ya maradhi: kifafa, kichocho, kipindupindu, kiharusi. Tatizo ni mzizi wake. Mgonjwa huelewa kwamba adui ni sukari ya kwenye kikopo. Anakunywa chai kavu kwa ushujaa mkubwa, kisha anakaa mbele ya mlima wa ugali wa sembe, naye haoni uhusiano wowote, kwa sababu jina la ugonjwa limeshamwonyesha mhalifu.

Halafu kuna mwili wenyewe. "Umenenepa" bado ni salamu ya heri katika sehemu nyingi za nchi hii, na "umekonda" ni swali lililojificha. Miaka ya UKIMWI iliongeza uzito wa swali hilo, hata mtu aliyepungua kilo kumi kwa ushauri wa daktari analazimika kutembea akieleza. Ujumbe wa kupunguza uzito unashindana na salamu, na salamu hutamkwa kila siku.

Mpaka hapa nimekosoa. Lakini Kiswahili kizuri cha afya kipo, nami nimekisikia. Kipo vinywani mwa wauguzi. Msikilizeni muuguzi wa miaka ishirini na mitano akizungumza na mzee wa miaka sabini katika zahanati. Hawezi kumwambia "acha sigara". Adabu haimruhusu, angekuwa anamwamuru babu yake. Anaanza na shikamoo, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema: "Babu, hii sigara tuipunguze kidogo." Tu-ipunguze. Nani anaivuta? Babu peke yake. Lakini nafsi ya kwanza wingi imemwingiza muuguzi ndani ya tatizo, dhamiri tegemezi imeigeuza amri kuwa shauri, na "kidogo" imemwachia mzee mlango wa kutokea bila kuaibika. Mzee atajibu, "Haya mwanangu, tutajaribu." Naye ametumia tu- hiyohiyo. Katika sentensi mbili fupi mkataba umefungwa, na hakuna bango hata moja lililowahi kuufunga.

Wavutaji nao wana sarufi yao. Hawasemi sana "nimeacha sigara". Husema "nimeachana nayo", kwa kauli ya kutendana, kama mtu aliyetengana na mke au rafiki. Kauli hiyo inakiri kwamba upande wa pili nao ulikuwa umemshika. Kitaalamu ndivyo ilivyo, kwani nikotini hujenga utegemezi, na istilahi yetu ya utegemezi huo, "uraibu", imetoka pwani, ambako ilihusu tambuu, popoo na tumbaku ya kutafuna barazani muda mrefu kabla ya kupewa vazi la kitabibu. Na katika Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, kuna kitenzi kingine ambacho mabango hayajakigusa: "kufunga". Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi kwa mwezi mzima, na hakuna anayemwona kuwa mgonjwa au mkosefu. Amejizuia kwa hiari na kwa heshima. "Kuacha" ni neno la mwisho wa njia. "Kufunga" ni neno la mtu mwenye nguvu juu ya nafsi yake. Sipendekezi kuichukua ibada na kuifanya tangazo. Natoa angalizo tu kwamba masheikh na wauguzi wanaoishi mtaa mmoja wana msamiati ambao wangeweza kuupitia pamoja.

Nifike sasa kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni moshi wa mtu mwingine. Kiingereza huuita uvutaji huo kwa neno lenye maana ya kutotenda, na tafsiri zetu zimefuata: "uvutaji usio wa moja kwa moja", "uvutaji tulivu", na virai vingine ambavyo mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvikumbuka hadi afike nyumbani. Ilhali Kiswahili kina njia fupi, iliyo wazi, ambayo kila mtoto anaijua kabla ya kuanza shule. Ni mnyambuliko. "Vuta" ikiingia katika kauli ya kutendea inakuwa "vutia", lakini hiyo imeshachukuliwa na maana ya kupendeza, na baba akiambiwa "usinivutie" anaweza kudhani ni utani wa mkewe. Kauli ya kutendesha haina tatizo hilo. "Vutisha." Baba anayewasha sigara chumbani anamvutisha mtoto sigara. Mtenda yupo, mtendwa yupo, kitendo kipo, na lawama imekaa mahali pake bila tusi lolote. "Baba, unanivutisha." Maneno mawili. Yawekeni kando ya yale manane ya pakiti.

Kirangi ni lugha ya Kibantu. Nacho kina kauli ya kutendesha, na mzungumzaji wake hahitaji kufundishwa maana ya "unanivutisha", anaihamisha tu. Mtumiaji wa Kiburunge au Kisandawe ana njia zake za kusema kuwa mtu amemfanya mwingine atende jambo, na njia hizo zinastahili kukusanywa na kulinganishwa katika muktadha huu mahsusi: unamwambiaje mkubwa wako kwamba anakuumiza? Huo ni utafiti ambao mwanafunzi wa shahada ya umahiri anaweza kuufanya kwa miezi michache, akiwa na kinasa sauti na adabu.

Akienda, na aulize pia juu ya ugoro. Nimezungumza muda wote huu juu ya kuvuta kwa sababu pakiti inazungumzia kuvuta. Lakini ugoro hauvutwi. Hunuswa au hubwiwa, na wazee wengi wa uwanda huu, wanaume kwa wanawake, huutunza katika kikopo kidogo ndani ya mkunjo wa nguo. Bibi mwenye kikopo hicho akisikia redioni kwamba uvutaji wa sigara ni hatari, anatikisa kichwa kuwasikitikia vijana, anafungua kifuniko, na kubwia. Ujumbe haukumtaja, kwa kitenzi wala kwa nomino.

 Nadhani Mwenyekiti ametutengea dakika chache za maswali.